Kukodi gari moja mpaka Ruaha? Mimi ningekodi mawili

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili nisije nikajibu nisichoulizwa. Unasema Juni shule zikifungwa mnatoka Dar watu wanne, wewe na shemeji na watoto wawili, mnakwenda Iringa kwa mjomba wako, katikati mnataka siku mbili za hifadhi ya Ruaha, halafu mnarudi. Siku saba zote. Mmoja kakuambia ukodi Prado, lile Toyota kubwa la njia mbaya, safari nzima ulale usingizi, mwingine kasema IST, kile kigari kidogo cha Toyota, inafika popote Tanzania hii, na wewe umebaki katikati huku mfuko unalalamika. Ukaomba waliowahi kukodi wenyewe waseme walichokiona.

Mimi nimekodi sana. Gari langu niliuza mwaka 2018 nikiwa na shida zangu, na kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mashine za maabara hospitalini, kwa hiyo nikisafiri na mzigo nakodi. Nimekodi Dar, Nairobi, Kigali na Muscat kule Oman. Muscat sikwenda kikazi, nilikwenda harusini kwa binamu, lakini nako nilivuna somo. Sitakupangia la kwanza mpaka la tano, kwa sababu kila gari nililolipenda nililipenda mahali fulani, na ukilihamisha hapo linageuka balaa.

Nianze na IST, maana ndilo litakalokuvuta kwa bei.

Nililichukua Tabata kwa jamaa mwenye magari manne aliyoyapanga nyuma ya nyumba, kuku wanapita chini ya bampa. Bei ya ndani ya jiji 50,000 kwa siku, ukitoka kwenda mkoani 70,000, mafuta juu yako. Mkataba ukurasa mmoja, nusu yake adhabu. Nikapiga picha kila mkwaruzo, nikajiona mjanja kweli. Kumbe nilikuwa nakagua rangi wakati vya kukagua viko chini na nyuma.

Barabarani lenyewe ni gari jema kuliko linavyosemwa. Hili la toleo la kwanza, lile la mwanzoni mwa miaka ya 2000, mshale wa mwendo hauko mbele ya usukani, uko katikati ya dashibodi. Saa nzima ya kwanza nilikuwa natupa jicho mbele yangu naona plastiki tupu. Nilipozoea nikagundua jambo la pili: abiria wa mbele anauona mwendo wako vizuri kama unavyouona wewe. Mke wangu akageuka trafiki. Kutoka Chalinze mpaka Morogoro nilikuwa nasomewa tu. "Tisini na tano hiyo, baba Zuu." "Hamsini hapa, hukuona kibao?" Na kusema kweli aliniokolea pesa, maana njia ile kila kijiji kina kibao cha 50 na kila mwembe una trafiki na tochi ya kupimia mwendo nyuma yake, na faini ni 30,000 kwa kosa. Wanaokuja wakikuwashia taa, shukuru Mungu na upunguze.

Dar mpaka Iringa ni kama kilomita 500. Lilikunywa lita 35 hivi, na kiyoyozi kimewashwa karibu njia yote. Watoto wawili nyuma wanakaa wakanyoosha miguu. Tatizo ni buti. Masanduku mawili ya kati na begi la chakula, kwisha. Godoro la mtoto tulilibeba mapajani mwao, na kuanzia Mikumi likawa uwanja wa vita.

Mlima Kitonga, kwa anayekwenda mara ya kwanza: ukishapita Ruaha Mbuyuni pale penye vitunguu, barabara inakaba ukuta wa mlima na malori yanapanda mwendo wa mtu anayetembea. IST yenye injini ya 1.3, watu wanne na mizigo, haina ubavu wa kuovateki lori kwenye kona ya Kitonga. Usijaribu. Zima kiyoyozi, weka gia kwenye 2, kaa nyuma ya lori mbali kidogo, tulia. Kushuka wakati wa kurudi ni vilevile, gia hiyohiyo, usikanyage breki njia nzima. Nilipita gari dogo limesimama pembeni moshi unatoka kwenye magurudumu ya mbele na mwenyewe anayamwagia maji ya kunywa. Breki ikishachemka kiasi kile, hayo maji unaoshea rim tu.

Sasa lile la chini na nyuma. Barabara kuu inakatiza hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50, na humo huruhusiwi kusimama ovyo. Tuko katikati kabisa nikasikia tup, tup, tup, upande wa kushoto nyuma. Tairi limelala. Nyani wamekaa kwenye ukingo wa lami kama wazee wa baraza, wanatuangalia. Nikashuka, nikafungua buti, nikatoa godoro, masanduku, nikainua zulia. Spea ipo, ile nyembamba ya kuazimia njia. Nikaibonyeza kwa gumba, ikaingia ndani kama andazi. Haina upepo hata kidogo. Jeki ipo, mkono wa kuizungushia haupo.

Mke wangu hakusema kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Aliyetutoa pale ni dereva wa semi la kwenda Tunduma. Alisimama mbele yetu, akawasha taa za tahadhari, akaja na utingo wake. "Kaka, hapa si pa kupaki, funga watoto ndani." Utingo akavuta mpira mrefu kutoka kwenye lori, akauchomeka kwenye mfumo wa upepo wa breki, akaijaza spea yetu pale pale kwa mlio wa nyoka. Wakainua IST kwa jeki yao ya lori, ambayo nusura iwe kubwa kuliko nafasi ya chini ya gari. Dakika kumi. Pesa alikataa, akachukua chupa mbili za maji ya baridi na kuniambia niendeshe taratibu mpaka Mikumi mjini nikazibe pancha. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza kwenye gari la kukodi, kabla sijaona hata rangi, nafungua buti nabonyeza spea, natoa jeki na mkono wake na spana ya magurudumu, naviweka chini navihesabu. Halafu pembetatu na mtungi wa kuzimia moto, maana hivyo trafiki atakuuliza. Halafu tairi zenyewe. La IST yangu lililopasuka lilikuwa kipara upande wa ndani, mahali ambapo ukisimama pembeni ya gari hupaoni mpaka uiname.

Nilipomwambia mwenye gari alisema, "Pole sana, kaka, ila wewe ndiye wa kwanza kulalamika." Nadhani ni kweli, waliotangulia waliliacha hivyo hivyo wakanirithisha.

Na kingine ambacho wengi hawakiulizi. Magari mengi madogo ya kukodi Dar yana namba za njano, yaani yamesajiliwa ya binafsi, ya biashara ni nyeupe. Muulize mwenye gari bima yake ni kubwa, inayolipa mpaka gari lenyewe, au ndogo, inayolipa uliyemgonga tu, na imeandikwa matumizi gani. Akijikanyaga kanyaga, ujue ikitokea ajali kampuni ya bima itakuwa na swali la kwanza la kuuliza, na wewe ndiye utakayekuwa umesimama pale barabarani.

Nairobi nilipewa Corolla Fielder. Nilikuwa na mzigo wa kwenda Kisumu, kasha tatu za mashine, na nikaomba Probox nikaambiwa zote zimetoka. Leo nasema bahati. Ukilaza viti vya nyuma vya Fielder unapata kitanda. Kasha tatu ziliingia na begi langu na mkungu wa ndizi wakati wa kurudi. Hiyo niliyopewa ilikuwa na injini ya 1.5, ileile ya familia unayoikuta kwenye IST za 1.5, lakini gari lenyewe refu, limetulia zaidi barabarani, halirushwi na upepo wa malori. Gia zake za mkanda, hizi zisizo na namba, zina tabia moja: ukikanyaga kupanda mlima injini inalia kama mbu wa sikioni lakini gari haliongezi kitu. Unasubiri. Ukielewa kwamba ni kusubiri tu, hamgombani.

Nilishuka bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu, pale penye kikanisa kidogo walichojenga mateka wa Kiitaliano wakati wa vita kuu ya pili, halafu Naivasha, Nakuru, Kericho kwenye chai, Kisumu. Kikwazo cha Fielder ni tumbo. Kenya kuna matuta ambayo hayana rangi wala kibao, unayajua ukishakuwa juu yake, na Fielder ikiwa na mzigo inayalamba. Mara ya pili nilipoisikia ile *grrr* nikaanza kuyapanda kwa upande, gurudumu moja kwanza.

Jamaa aliyenikodisha alikuwa na heshima zake zote. "Hii gari ni kama mtoi wangu, boss, ichunge." Kumbe amemfungia mtoto kifaa cha kumfuatilia. Nikiwa baada ya Naivasha nikafika 115 kumpita basi moja, simu ikaita. "Boss, umepita mia na kumi." Nilikuwa sijamaliza hata kurudi upande wangu. Nikacheka, nikapunguza. Huyo ndiye mwenye gari ninayemwamini, kwa sababu anayejua gari lake liko wapi na linakwendaje, mara nyingi anajua pia oili yake ilibadilishwa lini. Spea yake niliibonyeza: ngumu kama jiwe.

Kigali nitapita haraka. Nilipewa RAV4 ya zamani, ile fupi yenye spea mgongoni na mlango wa nyuma unaofunguka kwa pembeni kama wa kabati, injini ya lita mbili, inavuta magurudumu yote manne muda wote. Kwenda Musanze. Nilidhani naenda milimani, basi nahitaji gari la milimani. Barabara ile ni lami safi kona baada ya kona, na hakuna anayekimbia kwa sababu ya kamera za mwendo ambazo Wanyarwanda wenyewe wanaziita Sofiya. Kilomita zisizo na lami zilikuwa saba, za mawe ya volkano kwenda kituo cha afya. Kwenye hizo saba RAV4 ilikuwa mfalme. Kwenye nyingine zote ilikuwa inarukaruka, inapiga kelele za upepo kwenye milango, na inakunywa kama imetoka jangwani. Nililipia siku nne za gari la kupanda mawe kwa ajili ya kilomita saba, kwenda na kurudi kumi na nne. Hapo ndipo nilipoanza kuwaza hili nitakalokuambia mwishoni.

Upande wa kuendesha Rwanda ni wa kulia, lakini hilo halikunisumbua, maana nilishapigwa na aibu zote Muscat.

Muscat nilikodi Nissan Sunny nyeupe. Kwa sisi tuliozaliwa na usukani wa kulia, Sunny ya kule inakukosesha adabu. Magari yetu ya Kijapani indiketa iko mkono wa kulia wa usukani na waipa kushoto. Kule imegeuzwa. Kwa hiyo kila nilipotaka kukata kona, jua la saa saba mchana, waipa zinafuta kioo kikavu kwi, kwi, kwi. Na mkono wa kulia unatafuta gia, unapiga mlango wa abiria hewani... hapana, nimekosea hata kueleza: ni mkono wa kushoto ndio unaotafuta gia na kupiga mlango wangu mwenyewe. Unaona, mpaka leo. Na hizi tunazoziita kipilefti kule ni kipiraiti. Unaingia kwa kulia, unamwangalia anayetokea kushoto. Ya kwanza nilizunguka mara tatu mpaka nikapata ujasiri wa kutoka.

Kwenye sheli, mzee mmoja wa kanzu na kofia ya kufuma alinitazama nilivyoingia na waipa zinafanya kazi, akaja dirishani, akaniambia kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, "Mwanangu, kwenu kunanyesha?" Nikasema shikamoo huku nacheka kwa haya. Akanionyesha: funga kitambaa kidogo kwenye mkono wa indiketa, kila ukigusa kisichokuwa na kitambaa ujue umekosea. Nilifunga leso. Siku ya pili sikuihitaji.

Sunny kama gari? Sina la kusema zaidi ya sifa. Halina mbwembwe, viti vya kitambaa, redio ya kawaida. Lakini kiyoyozi chake kingegandisha samaki, buti yake inameza masanduku manne makubwa bila kulaza kiti, na kwenye barabara za Oman, zile pana zilizonyooka kama zimepigwa rula, linakwenda 120 huku unaongea kwa sauti ya chini. Ukipita 120 linalia ting, ting, ting bila kuchoka. Magari ya Ghuba yanatengenezwa hivyo. Sikio linachoka kabla ya mguu. Mafuta ndiyo usiseme: baisa 239 kwa lita ya ile bora, na baisa elfu moja ndiyo rial moja, kwa hiyo lita 40 haifiki rial 10. Nilikwenda mpaka Sur kwa njia ya pwani, bahari kushoto milima kulia, kama kilomita 200, nikasimama Wadi Shab, nikarudi, na mshale wa mafuta ulikuwa bado unanionea huruma.

Mambo mawili ya karatasi kule. Dhamana wanaikamata kwenye kadi ya benki na kuiachia siku kadhaa baada ya kurudisha gari, wakisubiri kama kuna faini ya rada imeingia. Kwa hiyo usiipangie matumizi. Na kilomita zina kikomo kwa siku, yangu ilikuwa 250, ukizidisha unalipia. Soma hapo kabla hujapiga hesabu ya kwenda Salalah, kule mbali kusini.

Halafu nikataka kupanda Jebel Akhdar. Binamu alinionya, nikamwambia nimepanda Kitonga na IST. Ukifika chini ya mlima, Birkat al Mouz, kuna kituo cha polisi kinachokagua gari tu: lina gia za magurudumu manne au halina? Askari aliitazama Sunny, akatabasamu, akazungusha kidole hewani kunionyesha pa kugeuzia. Hakuna mjadala, hakuna "afande naomba unisaidie". Nikageuza.

Kesho yake tukarudi na Prado ya kukodi, mimi na binamu na wazee wawili. Nilitegemea makorongo. Wapi! Lami tupu, pana, imechorwa mistari mpaka juu Saiq, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwenye mashamba ya mawaridi na makomamanga. Nikaanza kumlaumu yule askari moyoni. Nikaacha wakati wa kushuka. Mteremko ule hauna mwisho, na pembeni wamejenga njia za dharura, vilima vya kokoto vya kupokea gari lililoishiwa breki. Ile gia nzito ya Prado, unaposimama ukahamisha kwenda chini kabisa, ndiyo inayokubeba. Gari linashuka lenyewe kwa mngurumo kama ng'ombe anayevutwa kamba, mguu wako hauko kwenye breki wala kwenye mafuta. Binamu ananiambia anayeshuka na Sunny pale anaweza kufika salama, na anaweza asifike, na wao wamechoka kwenda kuangalia ni kipi.

Kwa hiyo Prado naiheshimu. Lakini tuliporudi Nizwa tukaingia barabara kuu ya kwenda Muscat, kilomita 160 za lami iliyonyooka, heshima ikaanza kupungua. Inayumba. Ukibadilisha njia ghafla kiwiliwili chake kinakuja baadaye, kama mtu aliyevaa joho. Bibi mmoja nyuma alishikwa na kichefuchefu, na kwenye Sunny jana yake alikuwa analala. Unakaa juu, unaona mbali, unajiona waziri, basi. Kule mafuta ni ya bure bure hukuti uchungu. Hapa kwetu, Dar na Iringa kwenda na kurudi kilomita elfu moja, IST itakula lita 70, Prado ya petroli ya V6 usishangae ikila mara mbili ya hapo.

Sasa tuje kwako.

Safari yako ina kilomita zaidi ya elfu moja za lami na kilomita chache mbaya, kutoka Iringa kuingia Ruaha na mizunguko ya ndani ya hifadhi. Watu hukodi gari kwa kuziogopa hizo chache, halafu wanalibeba joho lile elfu nzima. Mimi nilipokwenda Ruaha, mara ya pili, baada ya IST kunifunza adabu, nilichukua gari refu la lami mpaka Iringa, nikaliacha mjini, na pale pale Iringa nikakodi Land Cruiser mkonga, lile lenye bomba la hewa pembeni ya kioo cha mbele, pamoja na dereva wake.

Yule dereva ni mtu mzima, nilimwamkia "Kamwene, mzee" akafurahi, tukaelewana. Zaidi ya kilomita mia moja kwenda, na nilipopita mimi sehemu kubwa ilikuwa vumbi lenye vimatuta vidogo vidogo kama bati. Kwenye gari dogo vile vimatuta vinakung'oa meno. Mzee aliniambia ukienda 30 unateseka, ukienda 60 unaruka juu ya migongo yake, ukienda 80 unakufa. Akakaa kwenye 60. Ndani ya hifadhi, tulipofika kwenye mchanga wa mto mkavu, akasimama, akashuka, akainama kwenye gurudumu la mbele akazungusha kile kitufe cha katikati kwa mkono, akaenda upande wa pili akazungusha na chenyewe, akapanda, akavuta gia ndogo. Nikamuuliza kwa nini asibonyeze kitu humu ndani kama kwenye Prado. "Cha mkono nakiona kimeingia," akasema. Mbung'o waliingia madirishani wakatuuma sawasawa, matajiri na maskini, lakini watoto walisimama kwenye viti paa likiwa limeinuliwa, wakaona tembo wakichimba maji mchangani kwa miguu. Peke yangu na Prado ningepita mita mia mbali na pale, nikiangalia ramani ya simu isiyo na mtandao.

Tupige hesabu bila kujidanganya. Prado niliyoulizia Dar mwaka jana walitaka 200,000 kwa siku za mkoani. Mara saba ni 1,400,000. Gari refu la lami, tuseme Fielder au mfano wake, 80,000 mara saba ni 560,000. Mkonga na dereva na mafuta yake mimi nililipa 420,000 kwa siku, mara mbili 840,000. Jumla 1,400,000. Ndiyo, sawasawa, na mimi nilishangaa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukigawa utaokoa mamilioni kwenye kodi. Unaokoa kwenye mafuta, hizo lita 70 za ziada na zile za ndani ya hifadhi ambazo kwenye mkonga zimo kwenye bei. Unapata mtu anayejua tembo wamelala wapi. Na shemeji hatatapika.

Mkiwa na watoto wadogo na mizigo michache, IST siikatai mpaka Iringa. Ila nakuomba, usiiingize Ruaha. Tulipokuwa tunatoka jioni, kwenye korongo la mchanga, tulikuta Noah imezama mpaka vizingiti vya milango vinakaribia kugusa mchanga. Baba wa familia amevua viatu anachimba kwa sahani ya plastiki ya ubwabwa, watoto wamefungiwa ndani wanalia joto. Mzee wetu akatoa mnyororo, akaivuta kinyumenyume, haikuchukua dakika tano. Wakati tunafungua mnyororo nikatupa jicho kwenye bampa. Namba ya njano. Nikamuuliza yule baba kama gari ni lake. Akafuta jasho, akasema, "La kukodi, kaka. Usimwambie mtu."

Kwa mjomba wako Iringa kuna geti la kuliacha gari siku mbili? Kama hakuna sema, nitakutafutia pa kupaki, nina mwenyeji wangu hospitalini pale.